Beji ya Baba Kwenye Chungu cha Wakwe

Haya mambo siku hizi nayasema mwenyewe, kwa sababu nikinyamaza watu watayasema kwa niaba yangu na wataongeza chumvi, na chumvi yenyewe tayari iko ya kutosha. Kila mtu mzima ana aibu yake, mwingine ameanguka na baiskeli mbele ya kanisa, mwingine amemkumbatia mke wa mtu sokoni akidhani ni wake, lakini mimi, mzee wa mvi na meno ya kuhesabika, nilishikwa kule Moding nikiteremsha kitu kwa uzi ndani ya chungu cha pombe cha wakwe zangu, mchana kweupe, siku tuliyoenda kumwombea kijana wangu msichana. Kama hujui mambo yetu Wateso utasema, sasa hiyo nayo ni nini? Ngoja kwanza.

Nianze na baba, maana bila yeye hakuna hadithi. Baba yangu Emuria alifanya kazi kwenye kinu cha pamba, ile kampuni ya zamani ambayo siku hizi zimebaki kuta tu na mbuzi wanapumzika ndani. Kazi yake ilikuwa king'ora. Asubuhi anapiga, watu wanaingia; mchana anapiga, watu wanakula; jioni anapiga, watu wanatoka, na sisi huku Chakol ambao hatukuwa na saa tulikuwa tunapika ugali kwa sauti ya baba. Kampuni ilikuwa inatoa beji kwa mtu aliyekaa kazini. Ukikaa miaka mitano unapewa ndogo, ina tunda la pamba lililopasuka kama zote, ukikaa zaidi unapewa yenye jiwe jekundu, na ukizeeka hapo kabisa unapewa kubwa yenye mawe mawili. Baba alipata zote tatu, akaziweka kwenye kopo la rangi ya viatu, na Jumapili akavaa ile kubwa kwenye koti mpaka padre mwenyewe alikuwa anaiangalia.

Alipokufa, kaka yangu mkubwa alichukua upande mzuri wa shamba, mdogo wangu akachukua baiskeli na redio, na mimi wa katikati nikapewa kopo. Nilisema asante kwa mdomo. (Moyoni nilisema maneno mengine ambayo siwezi kuandika hapa, marehemu anisamehe.) Miaka yote hiyo beji zilikaa juu ya kabati, isipokuwa ile ndogo ambayo ilifunga suruali yangu muda mrefu sana baada ya zipu kufa.

Sasa kijana wangu wa mwisho, Okiring, anayepakia na kupakua mizigo ya malori pale Malaba, akapenda msichana wa Moding anaitwa Amoit. Msichana mzuri, mwenye heshima, anashona nguo. Na yeye alimpenda Okiring, hilo lilionekana hata na kipofu. Shida ilikuwa kwamba pale pale Malaba kulikuwa na jamaa mwingine, wakala wa forodha, mwenye gari na miwani ya jua, naye alikuwa ameanza kutuma salamu na mifuko ya sukari nyumbani kwa kina Amoit. Okiring akanijia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Baba, usipoenda Jumamosi hii, huyu mtu ataenda." Mimi nina ng'ombe wawili, na mmoja ni mzee kuliko mimi. Nilimwangalia mtoto wangu, vile mabega yake yamechubuka na magunia ya wenyewe, nikasema tutaenda. Nilisema tu. Nitamwambia nini Mzee Ekisa, baba wa Amoit, akishataja ng'ombe? Sikujua.

Ndipo akaingia Barasa. Barasa ni jirani yangu, fundi wa redio pale soko la Chakol, mdomo wake hauna breki na ndiyo maana tulimchagua awe msemaji wetu kwa wakwe. Akanionyesha kwenye simu yake wazungu wananunua beji kuukuu za makampuni, hasa zenye mawe, kwa pesa ambazo hata kuzitamka unahitaji maji. "Mzee, wewe unalala na njaa na dhahabu iko juu ya kabati!" akasema. Jamani, usiku huo sikulala. Nililiona kopo limewaka kama taa. Nikamwomba baba msamaha kwa yale maneno ya siku ya urithi.

Kesho yake nikapanda pikipiki mpaka Busia mjini, kwa sonara mmoja Mwislamu mwenye ndevu nyeupe na duka dogo kama kibanda cha kuku, lakini safi. Akaichukua ile kubwa, akaigeuza, akaitazama na kioo chake kwenye jicho.

"Mzee wangu," akasema, "jicho peke yake halitoshi. Niachie mpaka kesho Ijumaa baada ya swala, niipime na dawa."

"Nikuachie?"

"Nitakupa risiti."

Mimi shule niliacha nikiwa bado nahesabu na vidole, risiti kwangu ni karatasi ya kufungia njugu. Nikairudisha beji mfukoni haraka kama mtu ameona mwizi. Yule sonara hakukasirika, alicheka tu. "Basi pima mwenyewe. Dhahabu ya kweli haiogopi kitu kichachu. Itie kwenye ndimu, ikae. Isipobadilika, rudi tuongee. Ikibadilika, hiyo ndimu itie kwenye chai unywe."

Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu, kwenye lile duka safi. Ningemwachia yule mzee wa watu beji yangu mpaka Ijumaa, leo ningekuwa na heshima zangu zote. Lakini nilirudi nyumbani, nikakuta mke wangu amemalizia ndimu zote kwenye omena, wale dagaa wa Sio Port, nikasema nitanunua kesho, na kesho mvua ikanyesha, na kesho kutwa ikawa Jumamosi.

Tukaenda. Mimi, mke wangu, Barasa na Okiring mwenyewe amevaa shati lililopigwa pasi mpaka linakata. Beji ilikuwa mfukoni mwangu. Wakwe wakatupokea vizuri sana, Mzee Ekisa ni mtu mpole, sauti yake ya chini, lakini kando yake alikaa ndugu yake Osuru, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe wa ng'ambo ya pili ya mto. Na mlangoni, juu ya mkeka, alikaa mama yao, nyanya ya Amoit, ambaye wote wanamwita Tata, macho yake yamezimika na uzee, akawa anatafuna kitu ambacho sikujua ni nini.

Wanaume tukakaa kuzunguka chungu cha ajono. Kwa asiyejua, ajono ni pombe ya wimbi, yaani ulezi, inakaa kwenye chungu kimoja katikati, inaongezwa maji ya moto, na kila mtu anavuta kwa mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Na ina sheria zake, ndugu zangu. Mwenye nyumba anaonja kwanza ili mgeni ajue hakuna kitu kibaya. Hushiki mrija kwa mkono wa kushoto. Huchungulii chungu. Na mkono wako, mkono wako kabisa, hauendi juu ya chungu cha mwenzako, kwa sababu huko nyuma watu wamekufa, na wengine wamehama vijiji kwa ajili ya mkono ulioonekana juu ya chungu. Hizi sheria nilifundishwa kabla ya kufundishwa kuvaa suruali. Nazijua. Ndiyo maana aibu yenyewe haina dawa.

Maneno yakaanza vizuri. Barasa akasalimia kwa mafumbo, wakajibu kwa mafumbo, tukacheka. Kisha Osuru akakohoa, akataja ng'ombe. Sitasema ni wangapi. Nitasema tu kwamba mrija ulinitoka mdomoni.

Barasa akaniinamia sikioni. "Mzee, sema ndiyo. Beji si iko?"

"Na kama si dhahabu?"

"Kwani hujaipima?"

"Ndimu ziliisha."

"Ziliisha?" Barasa alinitazama kama redio iliyoungua ndani. "Mzee, wanangoja jibu!"

Nilimwangalia Okiring, amesimama kule nje na vijana wenzake akijifanya haangalii. Nikamwangalia Osuru, anangoja. Nikajiambia, nikisema ndiyo na beji ni bati, nimemdanganya mkwe, na nikisema hapana na beji ni dhahabu, nimemfukuzia mwanangu mke bure. Ni lazima nijue sasa hivi. Na nikiwa nawaza hivyo, pumzi ya chungu ikanijia puani. Ajono, wapendwa, ni chachu. Ilikuwa imekaa vizuri, chachu kuliko ndimu za mke wangu zote pamoja.

Mkono wangu wenyewe ulianza kabla yangu. Nikavuta uzi kwenye bitana la koti (koti lenyewe linafumuka, uzi ni wa bure), nikafunga beji chini chini katikati ya magoti, nikajifanya narekebisha mrija, nikaiteremsha polepole pembeni ya chungu kama mtu anayevua kambare. Hakuna aliyeona. Nikawaambia, "Wakwe zangu, neno hili ni zito, nipeni nafasi nimeze mate kidogo." Wakaona ni hekima! Ekisa akatikisa kichwa kwa heshima. Nikakaa nikiwa nimeshika uzi kwa vidole viwili, nikihesabu ng'ombe wangu wapya.

Basi shangazi yake Amoit akaja na birika la maji ya moto. Akainama, akamimina, na mvuke ukapanda, na yule mama ana macho kama ya mwewe.

"Ee! Mzee, huo uzi ni wa nini?"

Nilishtuka, vidole vikafunguka, uzi ukazama.

"Uzi gani?" nikasema.

Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

Mirija yote ikatoka midomoni mara moja. Nilisikia sauti yake, kama vifaranga wanaodonoa bati. Halafu Osuru akasimama, na alivyosimama jua likapungua.

"Ameweka nini? Dada, umeona nini?"

"Nimeona uzi unaingia kwa mkono wake! Na mwisho wa uzi kulikuwa na kitu!"

"Nyumbani kwetu! Kwenye chungu cha mama yangu!"

Watu wakaja. Sijui watu hutoka wapi siku kama hiyo, nilidhani boma ni la familia tu, mara naona majirani, kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi shule ya jirani imekuja na sare zao, simu zimeinuliwa juu. Okiring akapenya katikati yao. "Baba, umefanya nini?" Na jikoni mlangoni nikamwona Amoit, mkono kwenye mdomo, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

"Kama ni kitu kizuri," Osuru akanguruma, "kunywa wewe!"

Nikanywa. Nilivuta mpaka mashavu yakakutana ndani.

"Anakunywa!" mtu mmoja wa kwaya akasema, sauti ya pili. "Basi amekuja na kinga yake!"

Unaona sasa. Ukikataa umeweka sumu, ukinywa wewe ni fundi wa sumu. Mke wangu akaniambia kwa Kiteso, mbele ya wote, niseme ukweli kabla hajausema yeye, na yeye hata hakuujua. Nikavua kofia.

"Ni beji," nikasema. "Ni beji ya kazi ya marehemu baba yangu. Nilikuwa naipima kama ni dhahabu. Niliambiwa dhahabu haiogopi kitu kichachu."

Osuru akaninyooshea mrija wake kama fimbo.

"Yaani sisi tunaongea mambo ya mtoto wetu, na wewe umetugeuza maabara?" Kisha akashika koo lake. "Na mimi mrija wangu umeziba tangu maji yamiminwe! Mama yangu! Nimevuta nini mimi?"

Ekisa, kwa ile sauti yake ya chini, akasema chungu kimwagwe. Mnajua ni nini kumwaga chungu cha uposaji? Wakatandaza kitambaa juu ya karai, wakainamisha chungu, machicha ya wimbi yakatoka yakifuka moshi, na mwisho kabisa, beji. Rangi yote ya dhahabu ilikuwa imetoka upande mmoja, imebaki kijivu kama sufuria ya chai. Mawe mawili yamekuwa moja. Lile lingine lilikutwa limeng'ang'ania kichujio cha Osuru, yeye alipoliona akapiga kelele "Damu!" lakini shangazi akalichukua, akaliuma, likapasuka katikati ya meno.

"Plastiki," akasema, akatema.

Hivyo ndivyo nilivyopata bei ya urithi wangu. Watu wa kwaya wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu halafu bila adabu. Barasa, msemaji wetu, mdomo bila breki, akajifanya anakagua simu yake. Nikavaa kofia nikamwambia mke wangu twende. Sikuweza kumwangalia Okiring.

"Kileteni hapa hicho kitu."

Alikuwa Tata, pale mlangoni. Sauti nyembamba lakini kila mtu alinyamaza, hata Osuru. Shangazi akampa beji. Akaifuta na leso yake, akaipapasa na kidole gumba, akafika kwenye lile tunda la pamba, kidole kikasimama.

"Hii ni ya kinu," akasema. "Baba yako alifanya nini pale?"

"Alipiga king'ora, mama."

"Wakati wote?"

"Mpaka alipozeeka."

Akatafuna kidogo. Kisha akasema, na sasa hakuwa anasema na mimi, alikuwa anasema na wanawe. Mwaka ambao Ekisa alikuwa bado mgongoni, yeye na wanawake wenzake walibeba pamba kupeleka kinuni, wakakutwa na mvua njiani, ile mvua inayoleta usiku mchana. Mto ukatoka kwenye njia yake. Maji kila upande, hawajui mbele ni wapi wala nyuma, wengine wanatupa mizigo, wengine wanalia. Ndipo king'ora kikalia. Haikuwa saa yake. Kikalia, kikanyamaza, kikalia tena, na wao wakawa wanafuata ile sauti, wanashikana mikono, kinanyamaza wanasimama, kinalia wanatembea, mpaka miguu yao ikagusa murramu ya barabara ya kinu. Wote. Walipofika walikuta mzungu mkubwa wa kampuni anamfokea mtu mmoja mfupi kwamba anamaliza mvuke wa mashine, na yule mfupi anamwitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, huku mkono wake bado unavuta kamba.

"Nilikuwa sijui jina lake," Tata akasema. "Alikuwa na jino lililovunjika hapa mbele."

Jino la baba lilikuwa limevunjika hapo mbele.

Mimi nikakaa chini, kwenye udongo, hata kigoda sikukiona. Kwa sababu nakumbuka, nikiwa mdogo sana, kuna wakati baba alikaa nyumbani bila kazi, mama akawa analalamika kwamba ameudhi wakubwa kwa kichwa kigumu, na baba akaendelea kutengeneza jembe. Hakuwahi kutuambia. Sisi watoto tulidhani amesimamishwa kwa kulala kazini.

Osuru alikuwa wa kwanza kukohoa. "Sawa, mama. Lakini ng'ombe hazipungui."

"Nani amesema zipungue?" Tata akamgeukia alikosikia sauti. "Nimesema zipungue mimi? Zije polepole. Na huyu mzee alete chungu kingine na kuku kwa hiki alichoharibu. Huyo wenu wa Malaba mwenye gari, mimi hata babu yake simjui." Kisha akaichomeka beji kwenye leso yake, ile kijivu yenye jiwe moja, akaipiga piga kwa kiganja. Hakuniuliza kama nimempa.

Ekisa akanishika mkono akaniinua. "Mkwe wangu," akasema, na hilo ndilo neno nililokuwa nimelifuata tangu asubuhi, "kesho kutwa ukileta chungu, koti uliache nyumbani."

Nilileta chungu, nilileta jogoo, na sikuvaa koti. Yule ng'ombe wangu kijana alitangulia, Okiring anaongeza wengine kidogo kidogo kwa mabega yake, na Osuru anawahesabu kwa sauti kila wanapofika. Video ile bado iko kwenye simu za watu. Nikipita Malaba madereva wa malori wananiita Mzee Mvuvi, na mimi nawapungia mkono, nitafanya nini? Ile beji ya katikati, yenye jiwe jekundu, nimeivaa kwenye kola ninapoandika haya, na ile ndogo imerudi kwenye kopo, maana suruali ya sasa ina vifungo.

Mwezi uliopita Amoit alijifungua mtoto wa kiume. Tukaitwa kumpa jina. Kwetu nyanya huchovya kidole kwenye ajono, anakiweka kwenye midomo ya mtoto huku akitaja majina ya waliotangulia, na jina ambalo mtoto atanyonya, hilo ni lake. Tata ndiye aliyekuwa na kidole, beji kifuani. Mimi niliketishwa mbali na chungu, Osuru mwenyewe ndiye aliyeniwekea kigoda, akaniambia nikae na mikono juu ya magoti mahali anapoiona, na nikakaa hivyo kama mtoto wa shule. Tata akataja jina la upande wao, mtoto akageuza uso. Akataja lingine, mtoto akapiga chafya. Akataja Emuria.

Alinyonya mpaka Tata akacheka, akasema kidole chake kitaisha.

Nilitaka kupangusa macho, lakini Osuru alikuwa anaangalia mikono yangu, nikaiacha pale pale juu ya magoti, machozi yakashuka yenyewe. Na chungu cha wakwe sitakisogelea tena na kitu chochote chenye uzi mpaka siku nitakayozikwa.